Mfuko wa Siku Mbaya

Tarehe 25 Aprili 1949 umati ulipanda kilima cha Mengo, Kampala, kutaka kuonana na Kabaka, mfalme wa Buganda. Wengi wao walikuwa wakulima. Walikuja na madai kadhaa: wananchi wajichagulie machifu, wawakilishi wao waongezwe katika Lukiiko (baraza la Buganda), na dai lililowagusa zaidi wenye mashamba, wakulima waruhusiwe kuchambua pamba yao katika vinu vyao na kuiuza nje ya nchi wenyewe. Kabaka Mutesa II alipokea ujumbe wao. Jibu alilotoa halikuwatuliza. Siku zilizofuata nyumba za machifu zikateketezwa, serikali ikaita askari, na vyama viwili vilivyotajwa kuwa chanzo cha fujo, Bataka na Umoja wa Wakulima Waafrika wa Uganda, vikapigwa marufuku.

Gavana, Sir John Hathorn Hall, aliunda tume chini ya jaji Sir Donald Kingdon. Ripoti yake ya mwaka 1950 iliwanyoshea kidole wachochezi. Wachochezi walikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini mchochezi hawashi moto pasipo na kuni, na kuni za mwaka 1949 zilikuwa zimekusanywa kwa miaka mingi kwenye mizani ya pamba, ratili moja baada ya nyingine.

Pamba ililetwa Uganda kama zao la biashara mwaka 1903, pale Kristen Borup wa Kampuni ya Uganda, iliyozaliwa na wamisionari wa Kianglikana, alipoagiza tani mbili na nusu za mbegu na kuzigawa kwa machifu. Shehena ya kwanza ilikuwa marobota 54. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia nchi ilikuwa ikivuna zaidi ya marobota laki tatu kwa mwaka. Mkulima alipalilia, akavuna, akabeba mzigo kichwani au kwenye baiskeli hadi kituo cha kununulia. Kuanzia hapo alikuwa mtazamaji. Vinu vya kuchambulia vilikuwa karibu vyote vya Wahindi, sheria ziligawa nchi katika kanda ambazo pamba haikuruhusiwa kuvuka, na bei ilitangazwa na serikali kabla ya msimu kufunguliwa.

Vita vilipoanza, serikali ya kikoloni ilishika biashara yote ya pamba na kahawa. Mwanzoni ilikuwa hadhari tu, kwani meli zilikuwa adimu na hakuna aliyejua kama mzigo ungepata mnunuzi. Lakini bei ya dunia ilipanda, ikapanda tena, huku bei ya mkulima ikibaki chini. Tofauti kati ya hizo mbili, mamilioni ya pauni, iliingia katika mifuko miwili, mmoja wa pamba na mwingine wa kahawa, iliyokuja kuitwa Mifuko ya Kusaidia Bei.

Sababu zilizotolewa zilikuwa na mantiki yake. Maduka yalikuwa matupu kwa sababu ya vita, kwa hiyo mkulima akilipwa pesa nyingi, walisema maofisa wa serikali ya kikoloni kule Entebbe, atashindania bidhaa chache zilizopo na bei zitapaa. Isitoshe, bei ya dunia haidumu juu. Ikianguka, mfuko utafunguliwa na mkulima ataongezewa ruzuku hadi hali itengemae. Waswahili husema akiba haiozi. Kwa maneno mengine, huu ulikuwa mfuko wa msaada wa dharura kwa mashamba, labda mkubwa kuliko wowote Uganda iliyowahi kuwa nao, ila fedha zake hazikutoka hazina ya serikali. Zilitoka kwa msaidiwa mwenyewe, akiwa hajaulizwa.

Ulimwengu wa wakati huo ulikuwa umeshazoea serikali kuwalipa wakulima. Mwaka 1933, katika mdororo mkuu wa uchumi, serikali ya Rais Roosevelt iliwalipa wakulima wa pamba wa Marekani wafukie zao lililokuwa tayari limeota kwenye ekari zipatazo milioni kumi, ili bei ipande. Na hapo jirani tu, Kenya, Waingereza walewale waliweka mpango wa aina nyingine kabisa. Kwa sheria ya mwaka 1942 ya kuongeza uzalishaji wa mazao, mlowezi wa Kizungu aliyelima mahindi au ngano kwa mpango uliokubaliwa alihakikishiwa malipo ya chini kwa kila ekari. Mvua ikikataa, alilipwa. Alipewa pia ruzuku ya kuvunja ardhi mpya. Mwafrika aliyelima mahindi katika nchi hiyohiyo hakuwa na dhamana hiyo, na bei aliyolipwa ilikuwa ya chini kuliko ya mlowezi.

Ukiweka mipango hiyo miwili bega kwa bega, tofauti inaonekana bila darubini. Nakuru, Kenya, mkulima mlowezi alilipwa kwanza na serikali ikabeba hasara. Masaka, Uganda, mkulima alikatwa kwanza, kisha akaambiwa asubiri hasara ije.

Kampala haikuwa makao ya gavana, ila ilikuwa mahali ambapo hesabu hizi zilijulikana. Makarani wa Kiafrika katika makampuni ya pamba waliona bei ya Liverpool na ya Bombay, na habari hazikukaa ofisini. Januari 1945 mgomo na ghasia zilienea Buganda. Mwisho wake, Serwano Kulubya, Omuwanika aliyeshika hazina ya ufalme, alijiuzulu. Mwaka huohuo Katikiro, yaani waziri mkuu wa ufalme, Martin Luther Nsibirwa, alipitisha katika Lukiiko sheria ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Sehemu ya ardhi hiyo ilitakiwa na Chuo cha Makerere, sehemu nyingine na kituo cha utafiti wa pamba kilichojengwa baadaye Namulonge. Tarehe 5 Septemba 1945 alipigwa risasi mlangoni mwa kanisa kuu la Namirembe. Wako wanaoliona tukio hilo kuwa la ardhi peke yake. Lakini pamba ilikuwa ndani yake pia, na shaka ileile: serikali inasema inatwaa kwa faida yako, nawe huoni faida.

Aliyeigeuza shaka hiyo kuwa harakati ni Ignatius Kangave Musazi, mwalimu aliyekuwa tayari ameonja jela kwa siasa. Umoja wake wa wakulima uliwashauri wanachama wazuie pamba yao, wasiipeleke kwa wenye vinu kwa bei ya serikali, watafute wa kuwachambulia kwa malipo na kuuza wenyewe. Pamba ikarundikana kwenye maghala ya miti na nyasi. Kwa mtu anayeitegemea kulipia kodi na ada ya shule, kuacha pamba ilale ghalani ni uamuzi mzito, na maelfu waliufanya. Ndiyo maana dai la vinu lilifika Mengo mwezi Aprili likiwa na watu nyuma yake.

Baada ya marufuku, serikali ilitoa kwa mkono mmoja ilichokikataa kwa mwingine. Mwaka huohuo wa 1949 ilianzishwa Bodi ya Pamba Nyuzi, ikawa mnunuzi pekee wa pamba iliyochambuliwa na mlinzi wa bei. Kahawa nayo ikapata bodi yake miaka michache baadaye. Sir Andrew Cohen alipofika kuwa gavana Januari 1952, alibadilisha mengi. Vyama vya ushirika vilipewa uhuru zaidi, na sheria ikaiwezesha serikali kununua vinu kutoka kwa wenye navyo na kuviuzia vyama hivyo. Waliokuwa wakibeba pamba hadi mlangoni mwa kinu sasa wakaanza kukimiliki. Musazi mwenyewe alianzisha Machi 1952 chama cha kwanza cha siasa cha nchi nzima, Uganda National Congress, na wengi wa watu wake wa mwanzo walikuwa walewale wa pamba.

Mifuko nayo ilizidi kunenepa. Vita vya Korea vilipandisha bei za malighafi duniani kote, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 pamba na kahawa ya Uganda viliuzwa kwa bei ambayo wazee walikuwa hawajapata kuisikia. Bei ya mkulima ilipanda pia, lakini kwa hatua za kobe. Hapo ndipo akiba ilipoanza kutazamwa kwa macho mengine. Cohen alikuwa na mipango mikubwa ya shule, vyuo vya ualimu, barabara na miradi ya kilimo, na pesa zilikuwa zimekaa pale, sehemu kubwa zimewekezwa London katika dhamana za serikali ya Uingereza. Sehemu ya mifuko na kodi ya mauzo ya nje vikaelekezwa kwenye maendeleo. Kwa hiyo mkulima wa Busoga aliyekatwa senti zake mwaka 1944 kwa ahadi kwamba atarudishiwa bei ikianguka, alirudishiwa darasa.

Ni vigumu kulilaumu darasa. Watoto wengi wa wakulima walisoma kwa fedha hizo, na baadhi yao ndio walioiongoza nchi baadaye. Hata hivyo, wataalamu wa uchumi walilitilia shaka jambo lenyewe. P. T. Bauer, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu biashara ya Afrika Magharibi, alisema bodi za mazao zilikuwa zimegeuka chombo cha kutoza kodi. Makerere kwenyewe, Cyril Ehrlich, mwanahistoria wa uchumi aliyefundisha hapo katika miaka ile ya 1950, aliandika pamoja na mwenzake David Walker uchambuzi mkali wa sera ya Uganda. Walihoji kama mtu anayesema anasawazisha bei anaweza wakati huohuo kuamua peke yake lini ni siku mbaya na lini si siku mbaya.

Siku mbaya zilifika. Katikati ya miaka ya 1950 bei zilianza kuteremka, na mfuko wa pamba ukafunguliwa kweli: mkulima akalipwa zaidi ya bei ya soko, kama alivyoahidiwa. Haki itendeke kwa waliouunda, mfuko ulifanya kazi yake. Ila ulifanya kazi ukiwa umepunguzwa, na aliyeufaidi si lazima awe yule aliyeuchangia. Mzee aliyelima wakati wa vita na kufariki mwaka 1953 alikuwa amemlipia ruzuku kijana aliyeanza kulima mwaka 1958. Uhuru ulipokuja Oktoba 1962, serikali ya Milton Obote ilirithi bodi, ikarithi ahadi ya bei, na mfuko uliokuwa unakauka.

Pamba yenyewe haikujua kwamba mfuko unakauka. Msimu wa 1969/70 Uganda ilivuna karibu marobota 467,000, rekodi ya wakati ule. Kisha Idi Amin akatwaa madaraka Januari 1971, akawafukuza Waasia mwaka uliofuata kwa notisi ya siku tisini, na vinu vikakosa vipuri, mafundi na mikopo. Katika muda wa miaka kumi hivi mavuno yakashuka chini ya marobota elfu hamsini.

Kahawa ilipitia njia nyingine, ya kuchekesha kama isingekuwa ya kuumiza. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, na kufikia 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda kupita kiasi. Mkulima wa Uganda hakuihisi baridi wala bei. Bodi ya Kahawa ilimlipa sehemu ndogo tu, tena kwa shilingi iliyokuwa inayeyuka mfukoni. Safari hii hakukuwa hata na ahadi ya mfuko. Akajitafutia ruzuku mwenyewe: magendo. Kahawa ilivuka Ziwa Victoria kwa mashua za injini usiku, na ilivuka mpaka wa mashariki hadi Chepkube, soko la upande wa Kenya lililotajirisha watu kwa miezi michache mwaka 1976 na ambalo hadi leo hutajwa Bungoma kwa tabasamu. Amin aliunda kikosi cha kupambana na magendo, na Mwingereza Bob Astles akawa sura yake. Watu walipigwa risasi majini kwa magunia ya kiboko, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, ambayo wangeweza kuiuza nyumbani kama ingelipwa bei ya haki.

Serikali ya Yoweri Museveni, iliyoingia Kampala Januari 1986, hatimaye iliziondolea bodi ukiritimba wake, ya kahawa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ya pamba mwaka 1994. Mwaka huohuo wa 1994 Brazili ikaungua tena kwa baridi. Bei ikaruka, pesa zikamiminika vijijini, na wachumi wa hazina pale Kampala wakapatwa na wasiwasi ambao Entebbe ingeutambua mara moja: wakulima watakuwa na pesa nyingi mno. Ikatozwa kodi maalumu ya kusawazisha kahawa. Ilidumu hadi 1996. Nusu karne ilikuwa imepita tangu vita vya Hitler, na hoja ilikuwa haijabadilisha hata shati.

Wafugaji wana historia yao, na ruzuku yao ilianza kwa mbung'o. Katika miaka ya 1960, kwa msaada wa Marekani, serikali ilisafisha mapori ya Ankole na Masaka yaliyokuwa yamevamiwa na mdudu huyo, ikakata ranchi za takribani maili tano za mraba kila moja na kuwakodisha watu binafsi. Mipango kama hiyo ikaigwa Bunyoro na kwingineko. Kazi ya gharama kubwa ilikuwa imefanywa na serikali, na aliyepewa ranchi alipokea ardhi isiyo na mbung'o kwa malipo madogo. Waliopewa wengi walikuwa wanasiasa, maofisa na wafanyabiashara. Wafugaji waliokuwa wakizunguka na ng'ombe wao katika nchi hiyo walijikuta wageni, wakilipa au wakifanya kazi ili mifugo yao inywe maji. Mwaka 1990 mambo yalilipuka: wafugaji wasio na ardhi walipambana na wenye ranchi, suala likafika katika bunge la wakati huo, na serikali ikaunda bodi ya kuzigawa upya. Mwenye ranchi alibakizwa na sehemu, nyingine ikaenda kwa familia zilizokuwa zikiishi humo.

Mfumo wa dharura wa siku hizi ni mwepesi zaidi kueleza. Mwaka wa fedha 2016/17 serikali ilianza kutenga shilingi bilioni 5 kwa mwaka kuchangia bima ya kilimo: nusu ya ada kwa mkulima mdogo, asilimia 30 kwa mkubwa, na asilimia 80 katika maeneo yanayopigwa mara kwa mara na majanga. Sasa mkulima wa Uganda aliweza kuwa na hati yenye jina lake, inayosema atalipwa lini na kwa nini. Bilioni tano, hata hivyo, kwa nchi ambayo wengi wa watu wake huishi kwa jembe, ni kikombe cha chai kwa kijiji kizima. Nzige wa jangwani walipoingia kupitia Amudat Februari 2020, jeshi lilipelekwa Karamoja na pampu za kunyunyizia dawa. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipofunga minada ya ng'ombe katika wilaya nyingi mwaka 2024, mjadala mkubwa haukuwa nani atamlipa mfugaji aliyezuiwa kuuza. Ulikuwa kama mfugaji alipie chanjo mwenyewe.

Deni lililo zito kuliko yote liko kaskazini na mashariki. Jeshi la Amin lilipotimuliwa mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliachwa wazi, na Wakaramojong wakajichukulia bunduki. Serikali mpya ilipoingia mwaka 1986, wanamgambo waliokuwa wakilinda mipaka ya Teso, Lango na Acholi hawakuwepo tena, na uasi ulikuwa unaanza. Uporaji uliofuata haukufanana na ule wa kale wa vijana na mikuki. Makundi yenye bunduki yaliswaga mifugo ya kata nzima kwa siku moja. Wenyeji wengi wanasema pia kwamba askari wa serikali na waasi walijichukulia ng'ombe, wengine kwa kitoweo, wengine kwa malori. Acholi, iliyokuwa na karibu ng'ombe laki tatu katikati ya miaka ya 1980, ilibakiwa na maelfu machache tu mwishoni mwa miaka ya 1990. Teso, nchi ya jembe la kukokotwa na maksai, ilirudi kwenye jembe la mkono.

Ng'ombe katika nchi hizo alikuwa benki, ada ya shule, mahari na trekta. Waliopoteza walijiunga katika vyama vya wadai na kuleta faili zao Kampala, kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na mahakamani. Orodha ziliandikwa na machifu wa vijiji kwa mkono, zikachapwa, zikapotea, zikaandikwa upya. Serikali ilikubali kimsingi kwamba inadaiwa, ikaafikiana na baadhi ya wadai nje ya mahakama, ikalipa vipande. Kila uchaguzi ulileta ahadi mpya. Hatimaye mwaka wa fedha 2021/22 bajeti ilitenga shilingi bilioni 50 kwa kanda tatu, zikiwa mwanzo wa mpango wa bilioni 150 kwa miaka mitatu.

Pesa zilipoanza kuingia kwenye akaunti za benki, malalamiko yalizifuata nyuma kama ndama. Wabunge wa kanda hizo walisema bungeni kwamba kuna majina yasiyojulikana kijijini, kuna waliolipwa na jirani zao hawakulipwa, na kuna waliokuwa na zizi zima wakalipwa kama wenye wachache. Wadai wakauliza maswali ambayo hakuna fomu yenye nafasi ya kuyajibu: ng'ombe jike aliyeswagwa mwaka 1987 ahesabiwe kwa bei ya mwaka gani, na je, ndama ambao angezaa wahesabiwe pia? Wengi walioandikwa katika orodha za kwanza wamekwisha kufariki. Anayedai kwa niaba yao sasa ni mtoto au mjukuu, na kabla jina lake halijasomwa ni lazima alete barua ya mahakama kuonyesha kwamba yeye ndiye msimamizi wa mirathi ya ng'ombe ambao hakuwahi kuwaona.